Hazina isiyopatikana ndiyo inayolipa

Mwaka 2015 serikali ya Uingereza ililipa shirika la English Heritage pauni milioni 80, ikaligeuza kuwa shirika la hisani na kulitaka lijifunze kujitegemea. Shirika hilo linatunza maeneo ya kale zaidi ya 400, na mengi ni magofu yasiyo na paa. Gofu halipangishwi kwa usiku. Kinachouzwa hapo ni kiingilio, uanachama, chai na keki, na shule zinapofungwa, michezo ya watoto ya kusaka hazina.

Ngome ya Beeston, mojawapo ya maeneo hayo, huko Cheshire, ina mtaji ambao mengine mengi hayana: hadithi. Ilianza kujengwa miaka ya 1220 na Ranulf, bwana wa Chester, juu ya jabali lenye miteremko mikali. Inasimuliwa kwamba mwaka 1399 Mfalme Richard wa Pili aliificha humo sehemu ya mali yake, muda mfupi kabla ya kuvuliwa taji. Mgeni hupanda hadi akahema, akavuka daraja la miguu juu ya handaki lililochongwa kwenye mwamba, ndipo akakifikia kisima chenye kina cha zaidi ya mita 100. Watu wameshuka humo kutafuta, wakatoka mikono mitupu. Kibiashara, hiyo ni heri. Dhahabu ingepatikana ingepelekwa makumbusho ya mjini, na Beeston ibaki na shimo.

Kisha kuna wasakaji wanaotumia simu. Mei 2, 2000, Marekani iliacha kupotosha makusudi mawimbi ya GPS kwa raia. Kesho yake mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon na kutangaza mahali ilipo ili wengine waitafute. Leo vificho vya mchezo huo, geocaching, vinazidi milioni 3 duniani. Aghalabu ni kopo la plastiki lenye karatasi ya kuandika jina na vikorokoro vya kubadilishana. Kampuni ya Seattle inayoendesha mchezo huwatoza wanachama wa daraja la juu ada ya mwaka, ilhali makopo hununuliwa, hufichwa na kukaguliwa na wachezaji wenyewe. Bidhaa inatengenezwa na mteja, bure! Kopo likifichwa karibu na ngome, gharama ya kushikilia kuta za karne ya 13 zisianguke inabaki kwa mwenye ngome.

Mgawanyo huo hauna haki, ila haumnyimi mwenye ngome riziki. Msakaji hufika na gari, watoto na kiu. Nionavyo, anayelalamika kwamba wasakaji hawaachi hela hajafungua mgahawa.

Kilima cha jirani kina ngome ya Peckforton, iliyojengwa miaka ya 1840 kwa kuiga enzi za kati. Sasa ni hoteli na ukumbi wa harusi. Ina paa, vitanda na jiko, basi inauza kile ambacho Beeston haiwezi. Mwekezaji mwenye haraka angeichagua Peckforton, nami nisingemlaumu.

Ukipanga kwenda Beeston, vaa viatu vya kupandia mlima na uache nyumbani kifaa cha kugundua vyuma. Kukitumia bila kibali kwenye eneo la kale linalolindwa ni kosa la jinai.