Uchawi wa Mezani: Namna ya Kusoma Kanuni za Mchezo wa Dungeons & Dragons

Mzazi Mkristo anayekuta mezani kwa kijana wake kitabu chenye orodha ndefu ya matendo ya uchawi, fimbo za ajabu na pete za nguvu, ana haki ya kuuliza: mwanangu anajifunza nini? Swali hili ni halali, wala halijibiki kwa kutazama jalada peke yake. Katika makala hii tunapenda kueleza jinsi kanuni hizo zinavyosomwa, ili wazazi waamue kwa haki na vijana wacheze bila ugomvi.

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akimsemea mhusika wake katika hadithi wanayoibuni pamoja. Mmoja wao ni msimamizi wa mchezo: ndiye anayesimulia mazingira na kutoa uamuzi, akisaidiwa na kanuni na dadu, hasa ile yenye nyuso 20. Hapa tunafuata toleo la 5, lililotoka mwaka 2014.

Tendo hufanya lile tu lililoandikwa

Chukua mfano wa tendo liitwalo Fireball, yaani mpira wa moto. Kitabu kinasema kwamba moto huo huenea futi 20 kila upande kutoka mahali ulipolipuka, na huwasha vitu vinavyoshika moto ambavyo havikuvaliwa wala kubebwa na mtu. Kijana akidai kwamba moto wake umeteketeza joho alilovaa adui, andiko linamkatalia. Akidai kwamba umeunguza majani makavu yaliyotandazwa sakafuni, andiko liko upande wake.

Kila tendo lina mipaka yake. Matendo mengi hudai maneno, ishara za mikono au vitu maalumu; mhusika aliyezibwa kinywa hawezi kufanya tendo linalodai maneno. Matendo mengine hudumu kwa muda ule tu ambao mhusika anakaza fikra, naye hawezi kukazia mawili kwa wakati mmoja. Akijeruhiwa, mchezaji hurusha dadu ili kuona kama fikra zake zimetawanyika: hutakiwa kufikisha 10 au nusu ya madhara aliyopata, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Aliyepata madhara 30 atahitaji 15.

Vivyo hivyo kwa vifaa. Baadhi ya vifaa vya ajabu havimtumikii mhusika mpaka ajifungamanishe navyo kwa mapumziko mafupi, yasiyopungua saa moja, wala hawezi kujifungamanisha na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Kanuni hii humzuia mchezaji mmoja kujilimbikizia nguvu zote na kuwaacha wenzake wakiwa watazamaji.

Pale andiko linapogongana au kunyamaza

Kanuni ya jumla ikipingana na kanuni mahsusi, iliyo mahsusi hushinda. Andiko likinyamaza, msimamizi huamua. Hapa Mama Kanisa ana hekima ya kutuazima. Kanuni ya 17 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaelekeza kwamba sheria ieleweke kwa maana halisi ya maneno yake, katika andiko na muktadha wake. Palipo na mashaka, tutazame mahali panapofanana, lengo la sheria na nia ya mtungaji. Msimamizi afanye vivyo hivyo mezani, na uamuzi alioutoa leo kwa mmoja autumie kesho kwa wote. Upendeleo ndio unaovunja urafiki kuliko kushindwa.

Je, huu ni uchawi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza kutafuta kuzitiisha nguvu za giza, na inalaumu pia uvaaji wa hirizi. Mezani hakuna nguvu inayoitwa. Kitabu kinasema mhusika hutamka maneno ya siri, lakini maneno yenyewe hakiyataji. Mchezaji husema tu kwamba mhusika wake anafanya tendo fulani, kisha anarusha dadu. Pete ya mchezo ni mstari ulioandikwa kwenye karatasi, lakini hirizi iliyoshonwa na mganga huvaliwa na mtu anayeitumainia.

Hata hivyo, kijana akianza kutamani ramli au kinga za kweli, hapo ametoka mchezoni na anahitaji malezi. Tunawashauri wazazi waketi na vijana wao jioni moja, waombe kusomewa tendo moja na kuelezwa mipaka yake. Kijana anayeweza kusema wazi mahali ambapo hadithi inaishia ametoa jibu zuri. Asiyeweza, tuzungumze naye kwa upole kabla ya kumnyang'anya kitabu.