Plasta Imekatwa, Mguu Bado Haujapona

Mtu akivunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta hospitali au akapasuliwa na kuwekewa vyuma, jamaa zake huhesabu siku. Siku plasta, ambayo wengi huiita hogo, inapokatwa, nyumbani huwa shangwe, na mara nyingine kesho yake mgonjwa yuko shambani na jembe mkononi. Mwingine hufanya kinyume. Kwa hofu hukaa kwenye mkeka miezi mitatu bila kuutikisa mguu, ukakauka pale pale ulipo. Wote wawili hujiletea ulemavu ambao ajali yenyewe haikuuleta.

Katika kifundo hukutana mifupa mitatu. Mfupa mnene wa muundi na ule mwembamba wa upande wa nje huubana katikati yao mfupa wa tatu ulio juu ya kisigino, kama koleo linavyoshika chuma. Uzito wote wa mwili hupita hapo. Mfupa uliovunjika kwa kawaida huanza kushikana vizuri baada ya wiki 6 hivi, nao huendelea kukomaa kwa miezi kadhaa. Katika muda huo wa plasta msuli wa shavu la mguu hupungua, na kifundo hukaza kama bawaba iliyoshika kutu. Kwa hiyo usishtuke ukiona mguu mwembamba, wenye magamba, unaovimba kila jioni. Uvimbe huo wa jioni waweza kuendelea hata miezi 6. Ulale chali, uuweke mguu juu ya mito au gunia lililokunjwa, upite kimo cha moyo.

Mganga akikuruhusu, anza mazoezi siku hiyo hiyo. Keti, nyosha mguu, vuta vidole kuja kwako, kisha visukume mbele. Fanya hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Halafu andika hewani kwa kidole gumba cha mguu herufi zote, kuanzia A hadi Z. Kwa mwanafunzi wa kisomo hili ni zoezi la mambo mawili kwa pamoja. Baada ya siku chache chukua kanga, ipitishe chini ya wayo, shika ncha zake mbili, vuta polepole huku ukihesabu hadi 30. Maumivu kidogo ya kuvutwa si kitu. Maumivu makali yanayobaki mpaka kesho yake ni alama kwamba umezidisha.

Usimpe mtu mguu huo auchue kwa nguvu au kuukunja kwa ghafla, hata akiwa mzee mwenye sifa ya kuunga mifupa. Kupaka mafuta na kusugua taratibu kwa kiganja hakuna ubaya.

Kutembea nako kuna mafunzo. Ukiwa na magongo mawili, uzito uukalie mikononi, si makwapani, maana kwapa likibanwa mishipa ya fahamu huumia na mkono hufa ganzi. Mganga akisema ukanyage kwa kilo 20 tu, panda kwenye mizani ya zahanati na kanyaga kwa mguu mbovu mpaka mshale ufike 20. Ukishajua hali hiyo ilivyo, nenda nayo. Ukibakiwa na mkongojo mmoja, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande wa mguu mbovu, na hilo huwafanya wayumbe. Wanaokaa milimani wakumbuke pia kwamba katika kupanda mguu mzima hutangulia, na katika kushuka hutangulia mkongojo na mguu mbovu.

Jambo moja halizungumzwi, labda kwa aibu, nalo ni choo. Choo chetu cha shimo ni cha kuchuchumaa, na kifundo kilichokaza hakichuchumai. Mgonjwa akijaribu huanguka, na huweza kuvunjika upya. Mwambie seremala akate tundu katika kiti cha zamani na kukiweka juu ya shimo.

Kuhusu kazi, anza na za kuketi: kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kusuka ukili. Palizi ya ardhi tambarare yaweza kuanza kwenye mwezi wa tatu, saa moja kwa siku, ikiwa mganga ameridhika na mfupa. Kulima matuta na kubeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, kungoje zaidi. Jipime mwenyewe: je, waweza kusimama kwa mguu ule peke yake mpaka ukahesabu 30? Je, waweza kuinua kisigino chake bila kushika ukuta? Kama huwezi, ndoo wabebe wengine. Vijana wa mpira wasirudi uwanjani kabla ya miezi minne hadi sita.

Kifundo kilichoungana vibaya au kuharakishwa huweza kusagika ndani, na baada ya miaka kadhaa kikauma kila hatua. Huko Ulaya na Marekani baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huwekewa kifundo cha bandia cha chuma na plastiki. Nao pia hufuata mwendo huu huu wa magongo na mazoezi, na kwa kawaida hushauriwa wasirudie kukimbia wala kuruka.

Wakati wote huo kula maharage, dagaa, mayai na maziwa kwa kadiri upatavyo, na uache tumbaku, kwani huchelewesha mfupa kushikana.

Usingoje kliniki ijayo ukiona mambo haya: ungali na plasta, vidole vikawa baridi, vya buluu au vya ganzi, au maumivu yakazidi bila kupoa, kidonda cha upasuaji kikatoa usaha, shavu la mguu likavimba na kuuma, au pumzi ikakubana ghafla. Huenda damu imeganda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.