Futi nne za nini? Kina cha msingi unaposhusha besimenti Toronto

Waswahili wa Toronto wakianza kuzungumzia mkopo wa nyumba, hakosi mtu wa kusema: chimba besimenti, pangisha, mpangaji akusaidie kulipa benki. Ukiuliza uchimbe mpaka wapi, utajibiwa "futi nne". Jibu si la uongo, ila ni la swali jingine.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Toronto zilijengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Besimenti ilikuwa ya tanuri na makaa ya mawe, haikukusudiwa kulaliwa na watu, na dari yake iko chini. Ili nyumba iliyokwishajengwa ipate makazi ya pili huko chini, Kanuni za Ujenzi za Ontario zinataka kimo cha mita 1.95, na mita 1.85 chini ya mihimili na mabomba ya hewa. Dari haipandishiki kwa urahisi kwa kuwa nyumba nzima iko juu yake, basi hushushwa sakafu. Hapo ndipo unapokutana na msingi.

Futi nne, yaani mita 1.2, ni kina cha kukimbia baridi. Nairobi fundi huondoa udongo mweusi unaovimba kwa mvua mpaka afike penye udongo mgumu au mwamba. Ontario adui ni maji yanayoganda ardhini: barafu huvuta maji zaidi kutoka chini, hujikusanya katika matabaka, kisha huinua ukuta na kuupasua. Kwa hiyo kitako cha msingi, lile zege pana linalobeba ukuta, hukaa chini ya usawa ambao baridi hufika. Kaskazini mwa jimbo kina hicho huongezeka.

Ila futi hizo hupimwa kutoka uso wa ardhi ya nje, si kutoka sakafu ya besimenti. Msingi wa besimenti ya kawaida huwa tayari umezipita. Shida huja ukitaka mlango wa mpangaji na ngazi ya kushukia nje. Ukichimba shimo la ngazi, uso wa ardhi umeushusha, na baridi sasa inaanzia chini ya ngazi. Sehemu hiyo ya msingi hulazimika kushushwa mita 1.2 nyingine, au kukingwa kwa vizuia baridi kama mhandisi atakavyopanga.

Kwa ndani hesabu ni nyingine. Tuseme dari iko mita 1.8 nawe unataka 2.1. Sakafu inashuka sentimita 30. Ongeza zege la sakafu, sentimita 7.5, na kokoto chini yake, sentimita 10: umefika sentimita 47.5 chini ya sakafu ya zamani. Kama kitako kipya kina unene wa sentimita 20 na kinaanzia hapo, chini yake ni karibu sentimita 68. Na kama udongo wa hapo ni laini au ulifukiwa, mhandisi atakushusha zaidi, kwani kitako lazima kikalie udongo wa asili wenye nguvu.

Ukuta hauchimbwi chini yake wote kwa mara moja. Hugawanywa vipande vya takriban mita 1, huchimbwa kwa zamu, na vinavyopakana haviachwi wazi pamoja. Zege jipya humwagwa, huachwa pengo dogo chini ya msingi wa zamani, na likishakauka pengo hushindiliwa saruji ngumu isiyosinyaa. Bila saruji hiyo ukuta utashuka wenyewe kutafuta pa kukaa.

Kama hutaki kugusa chini ya msingi, unaweza kuuacha udongo wake na kuuzungushia benchi la zege kwa ndani. Ni nafuu zaidi, lakini linakula eneo la chumba. Na kama nyumba yako ni pacha, ukuta wa kati ni wa jirani pia: ridhaa yake ya maandishi itangulie sururu.

Toronto kazi hii inahitaji kibali cha jiji na michoro ya mhandisi. Mkandarasi akikutajia bei kabla ya kuuliza udongo ni wa aina gani, msingi wa sasa unaishia wapi na mlango utatokea upande gani, bei hiyo ni ya kubahatisha, na atakayelipa tofauti ni wewe.