Chrono Trigger kwenye DS: sura mpya kwa hadithi iliyokwisha

Novemba 2008, miaka 13 baada ya Chrono Trigger kutoka Japani, kampuni ya Square Enix iliurudisha mchezo huo kwenye Nintendo DS, mashine ndogo ya mkononi yenye skrini mbili. Wajapani na Wamarekani walikuwa wanaujua. Wazungu wa Ulaya walikuwa hawajawahi kuuziwa: kaseti ya 1995 ya Super Nintendo haikufika kwao, wala toleo la PlayStation lililofuata. Vijana wa Ufaransa na Ubelgiji walisubiri hadi Februari 2009, na safari hii mchezo ulikuja ukiwa na maandishi ya Kifaransa.

Wapenzi wa Dragon Ball wanautambua kwa sura za wahusika, kwa kuwa ni Akira Toriyama aliyewachora. Kijana Crono na wenzake wanasafiri katika nyakati, toka enzi za mijusi mikubwa hadi siku za usoni, ili kumzuia Lavos, zimwi litakaloangamiza dunia mwaka 1999.

Kwenye DS, amri za vita ziliteremshwa kwenye skrini ya chini, na picha ya juu ikabaki safi. Kule kusubirisubiri kulikowachosha wachezaji wa PlayStation kuliondoka. Tafsiri ya Kiingereza nayo iliandikwa upya. Kazi nzuri, na pengine ingetosha.

Lakini toleo jipya lilitakiwa kuwa na vitu vipya. Kukaongezwa uwanja wa kupiganisha mazimwi, ambao haukuacha kumbukumbu kubwa. Kukaongezwa Lost Sanctum, kijiji cha watu-mijusi ambako mchezaji anatumwa huku na huku, anapanda na kushuka mlima uleule mara nyingi mno. Katika mchezo wa 1995 hakuna safari ya bure namna hiyo.

Kilichogusa roho ya hadithi ni jambo lingine. Zamani, binti mfalme Schala alipotea ufalme wake wa Zeal ulipoanguka, na kaka yake mdogo, mchawi Magus, hakumpata. Wachezaji walikaa na swali hilo miaka mingi. Mchezo wa pili, Chrono Cross wa 1999, ulitoa jibu lake, na DS ikalileta jibu hilo ndani ya mchezo wa kwanza: anayepita sehemu mpya za Dimensional Vortex anamkuta Schala amefungwa pamoja na Lavos. Mchezaji anapigana, anashinda, na bado hamwokoi. Schala anawarudisha wote, na Magus anabaki hana kumbukumbu.

Kwa waliotegemea ndugu hao wakutane, hilo lilikuwa jibu chungu kuliko ukimya wa zamani. Matoleo ya simu na kompyuta yaliyofuata yaliuacha uwanja wa mazimwi. Mwisho wa Schala ulibaki.