Hesabu ya Bob Moses ilipanda treni

Bob Moses, Mmarekani mweusi, alifundisha hesabu Same, Tanzania, miaka ya 1970. Baada ya kurudi kwao, mwaka 1982 binti yake Maisha alikuwa tayari kwa aljebra, lakini shule haikuifundisha. Baba akaingia darasani, akamfundisha yeye na wenzake watatu. Ndivyo ulivyoanza Mradi wa Aljebra, kwa ajili ya watoto maskini waliofungiwa mlango wa masomo ya juu.

Aliwapandisha treni, wakahesabu vituo: kwenda mbele ni kuongeza, kurudi nyuma ni kupunguza.

Mama, usiseme hesabu si ya wasichana. Binti anayewarudishia wateja franga zao sokoni bila kukosea ameshaanza. Jioni mpe daftari, aandike aliyoyahesabu.