Kima wa Mkuyu kwenye Foleni ya Ngong Road

Jioni magari yakijipanga Ngong Road kuelekea Karen, watoto wa viti vya nyuma huwa wameinamia tableti. Mzazi anayetaka wapate maadili ya Kibuddha hakosi katuni kwenye intaneti, nyingi zikitoka Asia. Lakini mojawapo ya hadithi hizo mabibi wa pwani yetu wameisimulia zamani.

Ni ile ya kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akila kuyu na kumrushia mwenzake. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Maji yalipokuwa mengi ndipo akafunguka: sultani wetu anaumwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima hakupapatika. Akasema laiti angejua, kwani kima wakisafiri mioyo huiacha mtini. Papa akageuza. Ufukweni kima akaruka, huyoo, juu.

Mmisionari Edward Steere aliichapa mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizokusanya Unguja, ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi. Katika Jataka, visa 547 vya Kipali kuhusu maisha ya awali ya Buddha, papa ni mamba, na anayetamani moyo ni mkewe. Mti ni wa jamii ile ile ya mkuyu. Kima ndiye Buddha mwenyewe. Kati ya India na Unguja kilikuwapo kitabu cha ngano, Kalila wa Dimna, alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8, na yalikuwapo majahazi ya kaskazi.

Katuni humaliza haraka: usimsaliti rafiki. Mtoto mwerevu atauliza, na kima je, hakudanganya? Swali zito hilo, maana funzo la nne kati ya matano ya Kibuddha linakataza uongo. Tableti haimjibu. Bibi angemrudishia swali: ungekuwa wewe mgongoni mwa papa, ungesemaje?

Shuleni nchini Kenya mlango wa hadithi kama hii upo. Somo la dini ya Kihindu, HRE, linajumuisha pia Ujaini, Ubuddha na Usingasinga, ingawa ni shule chache zinazolifundisha. Na tangu 2014 African Storybook huweka mtandaoni vitabu vya watoto vya bure, vikiwemo vya Kiswahili. Yeyote anaweza kuandika chake.

Basi mzazi, foleni ikikwama, zima sauti papa anapogeuka, umuulize mwanao kima amefanya haki au la. Kisha msikilize.