Kabla hujafuta Dholuo kwenye ngoma yako

Panda matatu ya Homa Bay kwenda Rongo jioni yoyote, usikilize dereva anacheza nini. Anaanza na ohangla ya Prince Indah, halafu bila onyo anarusha reggaeton ya Kihispania. Mama aliyebeba omena pale nyuma anaendelea kutikisa kichwa vilevile. Hakuna abiria anayeuliza Daddy Yankee anasema nini. Hiyo picha iweke akilini, maana mimi niliisahau siku niliyoihitaji zaidi.

Nilikuwa bado chuo. Mimi na beshte wangu wa Migori tulikuwa kundi la watu wawili: yeye anaimba kwa Dholuo, mimi nachana kwa Kiswahili na Sheng kidogo. Karo ya muhula ikageuka pesa ya studio (tafadhali usimwonyeshe mamangu hii makala). Produsa, ambaye jina lake naliacha, alitusikiliza mara moja tu akatuambia kiitikio tukigeuze Kiswahili, eti Dholuo itatufungia Nyanza. Tukafuta. Wimbo ukatoka, ukasikilizwa na watu kama mia nne, nusu yao jamaa zetu. Chuo sikurudi. Kundi nalo likalala.

Sasa nikuulize: unawajua Gidi Gidi Maji Maji? Huenda Gidi unamjua tu kwa Patanisho asubuhi kwenye Radio Jambo, akisuluhisha ndoa za watu pamoja na Ghost. Kabla ya hapo alikuwa nusu ya kundi la rap. Jina lake ni Joseph Ogidi, mwenzake Maji Maji ni Julius Owino. Wawili hao walichana Dholuo wakati wasanii wengi Nairobi walikuwa wanajikaza kusikika kama Wamarekani. Hawakuwa na kampuni kubwa ya nje nyuma yao. Produsa wao alikuwa Tedd Josiah, studio ni ya hapa hapa Nairobi.

Mwaka 2002 wakatoa "Unbwogable". Hebu litazame hilo neno taratibu. Bwogo ni Dholuo, maana yake kutisha. Wakalichukua wakalivalisha koti la Kiingereza mbele na nyuma, likawa mtu asiyetishika. Hakuna kamusi iliyokuwa nalo. Wala hawakuutunga wimbo kwa ajili ya kampeni, ila upinzani wa NARC uliusikia ukaubeba mkutano baada ya mkutano. Watu ambao hawajui hata kusalimia kwa Dholuo wakawa wanalipiga kelele hilo neno. Tarehe 27 Desemba KANU, iliyokuwa madarakani tangu uhuru wa 1963, ikaangushwa. Mimi wakati huo hata kuongea sikujua, lakini neno nimelikuta nyumbani kama vile nimekuta sufuria.

Yaani lile neno ambalo produsa wangu angelifuta kwanza ndilo lililosafiri mbali zaidi.

Na hiyo reggaeton unayoipenda, unadhani ilianzaje? Mdundo wake ulitoka kwa ngoma za Jamaika, hasa "Dem Bow" ya Shabba Ranks ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Panama tayari kulikuwa na vijana, wengi wao wajukuu wa vibarua wa Karibi waliokwenda kuchimba ule mfereji, wanaoimba reggae kwa Kihispania. Ikafika Puerto Rico, ikazunguka mtaani kwa kaseti. Mwaka 1995 polisi wakavamia maduka ya muziki San Juan na kunasa kaseti hizo, wakisema ni uchafu. Miaka tisa baadaye, 2004, "Gasolina" ikatoka na dunia nzima ikaiimba kwa Kihispania. Hakuna aliyemwomba Daddy Yankee atafsiri.

Karibu na kwetu zaidi, vuka Isebania uingie Tanzania, utafika Shirati alikozaliwa D.O. Misiani, yule wa Shirati Jazz. Benga yake ya Dholuo ilivuka mpaka kabla hujazaliwa. Na leo kuna Watendawili, Ywaya Tajiri na Israel Onyach, wawili wengine wanaochanganya lugha bila aibu. "Cham Thum" ukiitafsiri neno kwa neno ni "kula muziki", na umeona ilivyoliwa hadi Nairobi.

Sisemi Dholuo ni dawa. Ngoma mbovu ni mbovu kwa lugha yoyote, na yetu, kusema ukweli, ilikuwa na matatizo mengine. Sauti yangu, kwa mfano. Lakini kuna mambo ya pesa ambayo hakuna aliyetuambia, kwa hivyo wewe nakuambia. Mkiwa wawili, andikeni nani ana asilimia ngapi kabla hamjaingia studio, hata kama mmenyonya ziwa moja. Sajilini wimbo kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Na ujue sheria ya 2019 ilisema mapato ya miito ya simu kama Skiza, angalau asilimia 52 iende kwa msanii. Sisi hata Skiza hatukuomba. Tulikuwa tunangoja kuwa mastaa kwanza.

Wiki jana beshte amenitumia biti kwenye WhatsApp. Siku hizi anaendesha boda kule Migori, na hiyo biti ameitengeneza kwa simu usiku: mdundo wa dembow chini, gitaa la benga juu. Akaniuliza kiitikio kiwe lugha gani. Nimemsikiliza mara kumi nikiwa kwa foleni ya maji. Nikamjibu kwa neno moja la Dholuo, akacheka sana.

Jumamosi naenda. Nauli ninayo ya kwenda tu.